Likizo ya watoto mjini: Usikubali safari itoke nje ya mtandao

Kila ifikapo mwishoni mwa Juni mambo mawili hukutana. Shule zimefungwa, na Maonyesho ya Biashara ya Sabasaba yanafunguliwa katika viwanja vya Mwalimu Julius Nyerere, Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam. Kwa mkulima wa mpunga wa Kyela aliyekwisha kuvuna, au mwenye duka la pembejeo wa Makambako, huo ndio wakati wa kutimiza ahadi aliyowapa watoto tangu Januari: kwenda kuiona bahari, kupanda bembea kubwa, na kuteleza kwenye mitelezo ya maji huko pwani ya Kunduchi.

Sina ugomvi na safari hizo. Familia iliyoshika jembe au iliyosimama nyuma ya kaunta mwaka mzima ina haki ya kupumzika, na wale wanaosema kuwa mkulima akipata fedha anunue bati tu, nadhani hawajawahi kulima. Isitoshe, wengi huunganisha likizo na shughuli. Baba anatafuta bei ya mashine ya kukoboa, mama ana sampuli za asali mkobani, na watoto wana hamu ya bembea.

Ninachotaka kukizungumzia leo ni jambo ambalo wageni wengi wa jiji hawalitilii maanani mpaka liwakute, nalo ni namna ya kutumia teksi mtandao, yaani zile teksi, bajaji na bodaboda zinazoitwa kwa simu, bila kuhatarisha watoto wala fedha za mauzo. Ndani ya hilo nina neno moja kubwa kuliko mengine yote. Dereva akikuomba ughairi safari kwenye simu ili mwende kwa makubaliano yenu wenyewe, kataa.

Tuangalie jinsi linavyotokea. Ni saa moja jioni. Familia imetoka kwenye michezo ya maji, nguo mbichi ziko kikapuni, mtoto mdogo amelala begani, na simu ya mama imebakiwa na chaji asilimia sita kwa sababu imepiga picha kutwa nzima. Nje ya geti watu wamejaa na kila mmoja anaita gari. Nauli ambayo asubuhi ilikuwa shilingi 24,000 sasa inasoma 33,000. Baada ya madereva wawili kukubali na kughairi, wa tatu anakubali, kisha anapiga simu.

“Shikamoo mama. Unaelekea wapi?”

“Marahaba mwanangu. Mbezi Luis, pale stendi.”

“Unalipa taslimu au kwa kadi?”

“Taslimu.”

“Basi mama, ghairi hapo kwenye simu, nipe elfu thelathini tuondoke. Hawa jamaa wananikata sana.”

Nani atakataa? Elfu tatu zimeokolewa, dereva amesema shikamoo, mtoto anataka kulala. Mama anabonyeza, safari inafutika, na familia nzima inaingia kwenye gari.

Sasa tujiulize, ni nini kilichofutika pamoja na ile safari? Kabla ya kubonyeza, mahali fulani palikuwa na kumbukumbu kwamba abiria mwenye namba fulani ya simu amepakiwa na dereva mwenye jina na picha fulani, katika gari lenye namba fulani, kutoka Kunduchi kwenda Mbezi Luis, saa fulani na dakika fulani. Gari lilikuwa linafuatiliwa kwenye ramani. Ndugu aliyeko Makambako angeweza kutumiwa kiungo na kuliona likitembea. Kitufe cha dharura kilikuwepo. Baada ya kubonyeza, kumbukumbu pekee iliyobaki ni kwamba abiria huyu aliita gari, kisha akaghairi kwa hiari yake. Likitokea lolote, kampuni itasema, na itakuwa inasema kweli, kwamba hapakuwa na safari.

Wengi wakisikia neno usalama hufikiria majambazi tu. Hayo yapo, lakini yanayowakuta watu mara nyingi zaidi ni madogo kuliko hayo, nayo huumiza vilevile. Gari linagongwa kidogo pale Makongo na mtoto anavunjika mkono. Bima ya gari binafsi kwa kawaida haimhusu abiria wa kulipia, na hata pale ambapo gari lina bima ya biashara, abiria wa safari iliyofutwa atathibitishaje kwamba alikuwa abiria? Au ule mkoba wenye sampuli za asali na daftari la wateja unasahaulika kwenye kiti cha nyuma. Kwa safari iliyomo kwenye mtandao, unafungua historia ya safari zako, unamtafuta dereva, unatoa taarifa. Kwa safari iliyofutwa, unabaki na namba ya simu ambayo haipokelewi. Au nauli inabadilika njiani: “Mama, foleni imekuwa kubwa, ongeza elfu kumi.” Utamshitaki kwa nani?

Hapa ndipo watu wa kilimo wanapaswa kulielewa jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaijua kangomba. Mnunuzi anakuja nyumbani usiku na kipimo chake na fedha mkononi, hakuna foleni ya chama cha msingi, hakuna makato, hakuna kusubiri mnada. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza katika korosho msimu wa 2007/2008, una makato yake na una ucheleweshaji wake, na malalamiko ya wakulima juu yake hayajaisha. Lakini siku mzigo unapopungua ghalani, mkulima ana karatasi. Aliyeuza kwa kangomba hana cha kumwonyesha mtu. Dereva anapokuambia “ghairi”, anakuletea kangomba ya usafiri. Ni rahisi, ni ya haraka, na haina stakabadhi.

Hata hivyo, itakuwa si haki kumfanya dereva kuwa mwizi katika hadithi hii. Wengi wao ni wafanyabiashara wadogo kama sisi, na wengine ni watoto wetu wenyewe, wale tuliouza ng'ombe ili wapate leseni. Sababu inayowafanya waombe safari ighairiwe ni ya kweli na ina hesabu yake.

Chukua ile nauli ya shilingi 33,000. Kampuni ikikata asilimia 25, hiyo ni shilingi 8,250. Zinabaki 24,750. Katika hizo dereva anatoa petroli, na Kunduchi hadi Mbezi Luis jioni ya foleni si mchezo, maana injini inanguruma gari likiwa limesimama. Kama gari si lake, na magari mengi si ya wanaoyaendesha, anatakiwa kupeleka hesabu kwa mwenye gari kila siku, apate abiria asipate. Kuna kuosha gari, bando la simu, na dakika alizotumia kumfuata abiria bila kulipwa. Akikuomba elfu thelathini nje ya mtandao, ameongeza zaidi ya elfu tano mfukoni mwake na bado amekupunguzia elfu tatu. Wote wawili mmefaidi, au mnadhani mmefaidi.

Mgogoro huu una historia. Uber ilianza kazi Dar es Salaam mwaka 2016, na mwaka uliofuata ikaja Taxify, ambayo baadaye ilibadilishwa jina ikawa Bolt. Madereva walilalamikia makato kwa miaka mingi. Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ikaweka ukomo wa kamisheni wa asilimia 15. Aprili mwaka huo huo Uber ikasimamisha huduma zake nchini, na Agosti Bolt nayo ikapunguza huduma, ikabaki na wateja wa makampuni. Baadaye ukomo ukapandishwa hadi asilimia 25 na huduma zikarejea mwaka 2023. Majirani zetu wa Kenya, katika kanuni zao za mwaka 2022, waliweka ukomo wa asilimia 18.

Nimeyaeleza hayo ili msomaji aone kwamba ombi la dereva pale getini si tabia mbaya ya mtu mmoja. Ni mzozo mkubwa wa makato ambao haukumalizwa mezani, na sasa unamaliziwa kwenye kiti cha nyuma cha Toyota IST, kwa gharama ya usalama wa abiria. Na abiria anayelipa gharama hiyo zaidi ni mgeni. Mwenyeji wa jiji akishushwa Mwenge usiku anajua pa kwenda. Mtu wa Makambako mwenye watoto watatu hajui.

Kuna watakaosema, mbona zamani tulipanda teksi za kijiweni bila simu wala ramani na tukafika? Ni kweli kabisa, na mimi ni mmoja wa wanaoamini kwamba teksi ya kijiweni bado ina nafasi yake. Lakini tuangalie ilikuwa salama kwa nini. Dereva wa kijiweni ana wenzake wanaomjua, kijiwe kina mwenyekiti, gari limeegeshwa pale pale kila siku kwa miaka. Ukisahau mkoba, kesho unarudi kijiweni na unamtaja kwa jina. Kijiwe chenyewe ni kumbukumbu. Safari iliyofutwa kwenye simu haina kumbukumbu ya mtandao wala ya kijiwe, bali ni mgeni kumpakia mgeni gizani. Kwa hiyo mwenye shaka na teksi mtandao, bora amwombe mwenyeji wake amtafutie dereva wa kijiweni anayefahamika, wakubaliane bei mapema, kuliko kukaa katikati ya hizi mbili.

Mtu anaweza kudhani haya ni matatizo ya nchi maskini. Sivyo. Marekani, ambako huduma hii ilizaliwa (Uber ilianzishwa San Francisco mwaka 2009), walijifunza kwa machungu. Machi 2019, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Carolina aliita gari usiku mjini Columbia. Likaja gari jingine, akaingia akidhani ndilo aliloliita, na akauawa. Tangu hapo kampeni ya nchi nzima imekuwa ikiwafundisha vijana jambo dogo sana: usimwambie dereva jina lako, muulize yeye, “Umekuja kumchukua nani?” Dereva wa kweli analiona jina kwenye simu yake. Anayebahatisha ataguguna. Januari 2023 rais wa nchi hiyo alisaini sheria iliyopewa jina la binti huyo, inayohusu usalama wa abiria wa huduma hizi.

Swali hilo halina gharama na linafaa Dar es Salaam kama linavyofaa Columbia. Nje ya geti la Sabasaba usiku, mtu akikuambia “Dada, mimi ndiye Bolt wako,” jibu lake ni moja: jina langu nani? Kisha tazama namba za gari, zote, si herufi za mwisho tu, na uso wa dereva ulinganishe na picha. Uso usipofanana usipande, hata akikueleza kwamba anamsaidia kaka yake leo. Kukodishana akaunti ni ugonjwa unaojulikana katika biashara hii. Mwaka 2024 Bolt ilitangaza kuwafungia madereva zaidi ya 5,000 nchini Kenya kwa kukiuka taratibu za usalama. Hilo linakuonyesha ukubwa wa tatizo, na pia linakuonyesha kwamba wenye kampuni wanaweza kuchukua hatua wakitaka.

Tukiwa bado huko Marekani, tuitazame Orlando, Florida, ambako ndiko kwenye viwanja vya michezo ya familia vinavyojulikana kuliko vyote duniani. Walt Disney World ilifunguliwa Oktoba 1971 na eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 100. Ndani yake kuna viwanja vinne vikubwa, kila kimoja na geti lake, mbali na mwenzake. Uwanja wa ndege uko umbali wa kilomita 30 hivi. Kwa familia isiyokodi gari, teksi za simu ndiyo miguu yao.

Kilichonivutia huko ni namna walivyopanga mahali pa kupakia. Ukiita teksi ya simu kwenda Magic Kingdom, kile kiwanja cha kwanza na maarufu zaidi, haikupeleki getini. Inakushusha kwenye kituo cha usafiri kilicho ng'ambo ya ziwa, na kutoka pale unavuka kwa kivuko au kwa treni ya reli moja. Jioni unarudi njia ile ile. Mgeni asiyejua hilo anasimama mahali pasipo sahihi na watoto waliochoka huku gari likimsubiri kwingine, na dereva asipomwona anaondoka. Anayejua amekwisha kuliuliza asubuhi. Mwaka 2017 Disney wenyewe waliongeza magari yao mekundu yenye madoadoa meupe, yanayoitwa kwa programu ya Lyft na yenye viti vya watoto ndani.

Viti hivyo si mapambo. Sheria ya Florida inataka mtoto wa miaka 5 na chini ya hapo akae kwenye kiti chake maalumu au kifaa cha kumzuia. Kwa gari la kukodi, sheria hiyo haimbani dereva. Inasema wajibu ni wa mzazi. Yaani unaita teksi, unakuja na kiti chako mkononi kama unavyokuja na mkoba. Sisi hapa bado tunampakata mtoto kiti cha mbele, karibu na mfuko wa hewa, tukijiona tumembeba kwa upendo. Sitegemei familia itoke Kyela na kiti cha mtoto juu ya basi. Ila mtoto akae nyuma, mkanda ufungwe, na asipakatwe mbele hata kama gari limejaa. Na likijaa, ita la pili. IST ina nafasi ya abiria wanne, si familia ya watu saba na ndoo ya samaki wa Feri. Kuhusu bodaboda sina haja ya kusema mengi. Kupakia watoto mishikaki ili kuokoa nauli ya bajaji ni jambo ambalo kila mtu anajua linavyomalizika.

Turudi nyumbani, kwa sababu jiji letu lina mitego yake ambayo Orlando hawana. Mojawapo ni majina. Stendi kuu ya mabasi ya mikoani, Kituo cha Magufuli, kilichoanza kazi mwaka 2021, iko Mbezi Luis, Barabara ya Morogoro. Mbezi Beach iko Barabara ya Bagamoyo, karibu na bahari, upande mwingine kabisa wa jiji. Mgeni akiandika “Mbezi” kwenye simu na kubonyeza jibu la kwanza, anaweza kujikuta anapelekwa ufukweni wakati basi lake linaondoka alfajiri. Papo hapo ndipo dereva anapopata sababu halali ya kusema, “Hapa si ulipoandika, tughairi tukubaliane upya.” Dawa ni kubadilisha mwisho wa safari ndani ya programu yenyewe, na zinaruhusu, nauli mpya ikasomeka wazi kwa wote wawili.

Mtego mwingine ni umbali. Kutoka Mbezi Luis hadi viwanja vya Sabasaba ni zaidi ya kilomita 20, na jioni ya maonyesho Barabara ya Kilwa na ya Mandela hazitembei. Anayepanga kulala karibu na stendi kwa sababu nyumba za wageni ni za bei nafuu, na kila siku aende Sabasaba au Kunduchi kwa teksi, atashangaa likizo imeliwa na nauli. Wafanyabiashara wazoefu wa maonyesho hufikia Temeke, Keko au Kurasini, na siku ya pwani wanaipanga peke yake, wanaondoka saa nne mchana wakijua watarudi kabla ya jua kuzama. Kurudi mapema ni kinga kubwa kuliko programu yoyote. Saa kumi jioni nauli haijapanda, simu bado ina chaji, na hakuna anayekubembeleza ughairi.

Fedha nazo zina adabu yake. Mkulima aliyetoka kupokea malipo ya mzigo hana sababu ya kutoa bunda mbele ya dereva ili atafute noti ya elfu kumi. Tenga nauli pembeni kabla hujaita gari, au lipa kwa simu ukiwa umefika na watoto wameshuka, mizigo ikiwa chini. Ukilipa kwa simu hakikisha jina linalotokea ni la dereva uliyeonyeshwa. Na nyumba unayofikia si lazima dereva aijue mpaka mlangoni. Kona ya duka la jirani inatosha.

Nina neno pia kwa wakubwa, maana si haki mzigo wote kumtwisha mama mwenye mtoto begani. Wenye viwanja vya maonyesho na bustani za michezo wakusanye viingilio, lakini watenge pia mahali pa kupakia teksi mtandao, penye taa, penye vibao vya namba, na mlinzi anayejua kwamba kazi yake haiishii kwenye geti. Si jambo la gharama kubwa. Nguzo kumi zenye namba na kamba ya kutenganisha foleni zingewaondoa wapiga debe wote wanaojifanya madereva.

Kwa LATRA nina ombi moja. Dereva huonyeshwa makato, lakini abiria huonyeshwa nauli tu. Kampuni zitakiwe kumwonyesha abiria, kwenye risiti ile ile, kiasi gani kimekwenda kwa dereva na kiasi gani kimebaki kwa kampuni. Mkulima wa pamba akipewa stakabadhi anaona bei, uzito na kila makato. Kwa nini abiria aliyelipa 33,000 asijue kwamba 8,250 hazikumfikia aliyemwendesha? Akijua, akiridhika na huduma, anaweza kumwongezea dereva elfu mbili ndani ya mtandao badala ya kumsaidia kwa kuvunja safari. Na kampuni itakuwa na aibu ya kupandisha makato kimyakimya.

Dereva naye ana haki ya kuikataa safari isiyomlipa. Aikatae kabla ya kunifuata, si baada ya kufika na kuona nimeshika watoto. Kampuni kadhaa humwezesha kuona mwisho wa safari na nauli kabla ya kukubali, na nyingine, kama inDrive, huwaacha abiria na dereva wavutane bei ndani ya programu yenyewe mpaka waelewane. Mwenye kupenda kuvutana bei kama yuko soko la Kariakoo, huko ndiko kwake. Bei mtakayokubaliana itakuwa imeandikwa.

Wengine watauliza, na dereva akisema asipoghairi haendi? Mwache aende zake. Usibonyeze wewe, kwa sababu wewe ukighairi, kosa linaandikwa kwako na wakati mwingine kuna faini. Mwambie kwa upole, “Baba, mimi naenda kwa mtandao, kama hutaki ghairi wewe,” kisha subiri. Ni dakika tano ngumu zile, hasa na watoto, ndiyo maana ile chaji ya simu ni muhimu. Betri ya akiba inayouzwa Kariakoo ni nafuu kuliko safari moja ya teksi. Na kwa ndugu waliobaki kijijini na simu ya tochi isiyofungua ramani, ujumbe mfupi wa kawaida unatosha: namba za gari, jina la dereva, tumetoka Kunduchi saa kumi na robo, tunakwenda Keko. Utume gari likiwa bado limesimama, na dereva akusikie ukiyasoma kwa sauti.